Sufuria Lililomulika Duara

Katika miaka ile ya tisini, mteja mgeni akija kibandani kwangu Ngokolo, mjini Shinyanga, na redio kwapani, mazungumzo yalianza vilevile kila mara. Alisalimia, akachungulia nyuma yangu, akachungulia chini ya meza, kisha akauliza, "Fundi yupo?"

"Ni mimi."

"Namaanisha fundi mwenyewe."

Baadhi yao walikaa kwenye benchi kumsubiri huyo fundi mwenyewe, nami niliwaacha wakae. Nilifungua redio, nikatafuta waya uliokatika, nikaunga kwa risasi ya kuyeyusha, na taarifa ya habari ikaanza kusomwa mbele ya macho yao. Mmoja aliniambia ahsante, kisha akaniomba nimfikishie fundi salamu zake.

Kazi hiyo nilifundishwa na baba. Kaka zangu hawakuitaka, mmoja kwa sababu ya moshi wa risasi na mwingine kwa sababu ilimlazimu kukaa chini. Baba alipoanza kutetemeka mikono aliniachia meza, vifaa, na makopo manane yaliyojaa vipuri vya redio zilizokufa. Nilivipenda zaidi vile vijitaa vyekundu vya redio kaseti, vinavyopanda na kushuka ukiongeza sauti. Mafundi tuliviita LED. Havikuwa na waya ndani wa kuungua kama balbu ya tochi, havikupata joto, na nilikuwa naviamini kuliko nilivyowaamini watu wengi.

Mwenye duara alikuja kibandani mwishoni mwa mvua kubwa. Alikuwa jirani yetu, mzee mnene mwenye sauti ndogo, aliyeuza nusu ya ng'ombe wake akaingia kwenye dhahabu upande wa Geita. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo. Sijui lilipataje jina hilo, maana yote niliyowahi kuyaona yalikuwa ya pembe nne.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, unaweza kutengeneza taa inayowaka chini ya maji?"

Nikamuuliza ni ya nini. Akaeleza kwamba duara lake limejaa maji, na pampu ya kuyavuta imo humohumo chini. Ilikuwa imewekwa juu ya mbao ndani ya shimo. Jumamosi moja wachimbaji wote walikwenda msibani kijiji cha pili, mvua ikanyesha, mbao zikakatika, pampu ikazama. Aliyebaki kulinda ni katibu wa kamati ya duara, na ndiye aliyeona kwa macho yake. Katibu aliandika ripoti ya kurasa tatu. Mzee alikuwa nayo mfukoni, akaniomba nimsomee kwa kuwa miwani alikuwa ameisahau. Ilikuwa na kichwa cha habari, utangulizi, maelezo ya hali ya hewa, na mhuri uliochongwa kwenye soli ya kandambili. Sijawahi kusoma habari ya kitu kuanguka majini iliyopangwa vizuri namna ile.

"Nimempata mzamiaji kutoka Chato," mzee akasema. "Huko ziwani anatoa injini za boti zilizozama. Amezama mara mbili. Anasema kina si tatizo, ni mita sita tu. Tatizo ni giza. Anapapasa ukuta anadhani ni chini, anapapasa chini anadhani ni ukuta."

Ningeweza kusema sijui. Lakini mtu alikuwa ameniuliza mimi moja kwa moja, bila kuchungulia chini ya meza, na kiburi kikanipanda. Nikamwambia anipe wiki moja.

Nilichukua vijitaa kumi na viwili, nikavipanga kama ua, nikaviwekea rezista ili visiungue, nikavitia pamoja na betri kwenye chupa ya jemu. Kifuniko nikakizungushia nta ya mshumaa na kipande cha tyubu ya baiskeli. Kifaa changu nikakijaribu kwenye pipa la maji uani, mchana, nimefunika pipa kwa blanketi na kichwa changu kikiwa ndani. Kikawaka. Majirani walikuja mmoja mmoja kuingiza vichwa kwenye blanketi, na kila aliyetoka alisema ni kizuri sana. Hakuna aliyesema amekiona kitu kingine chochote humo pipani, wala mimi sikuwauliza.

Nilisafiri kwa lori la magunia ya mpunga kupitia Kahama, chupa yangu nimeipakata kama mtoto. Nilipofika machimboni, katibu alinipokea. Alikuwa kijana mtanashati, kalamu mbili mfukoni, kitabu cha mihtasari kwapani. Alinishikia mkoba, akaniuliza habari za safari, kisha akanisimamisha hatua kama arobaini kutoka kwenye duara.

"Samahani sana, dada fundi. Mwisho wako ni hapa. Mwanamke akisogelea duara, dhahabu inakimbia. Si mimi ninayesema, ni taratibu."

"Taa nitaionyeshaje inavyofanya kazi?"

"Utanieleza mimi. Mimi nitamweleza mzamiaji."

Nilimtazama mwenye duara, naye akatazama mawingu. Basi nikakaa kwenye banda la mama lishe, mama wa makamo aliyewapikia wachimbaji, ambaye mpaka wake naye ulikuwa ni huohuo. Ugali wake uliruhusiwa kuingia duarani bila yeye. Kutoka pale bandani niliona kila kitu: shimo, winchi ya mbao, wachimbaji wakiwa na tochi zao vichwani zimefungwa kwa mipira ya tyubu, na mzamiaji, mtu mfupi wa kifua kipana, akivuta pumzi ndefu huku ameikumbatia chupa yangu. Kiunoni alikuwa na kamba ya usalama. Mwisho wa pili wa kamba hiyo alishika katibu. Makubaliano yalikuwa kwamba mzamiaji akivuta mara tatu, atolewe haraka.

Akazama. Baada ya muda mfupi katibu alianza kuvuta kwa nguvu, na wenzake wakamsaidia. Mzamiaji akatoka akikohoa. Nikaona wanaume wanazungumza, wanatikisa vichwa, kisha katibu akaja kunipa taarifa.

"Fundi, amesema taa ameiona."

"Na pampu?"

"Pampu hajaiona. Taa ndiyo ameiona."

Baadaye mzamiaji alinieleza mwenyewe, kwa upole wa mtu asiyetaka kumuumiza mwenzake. Alisema vijitaa vinapendeza na havikuzimika hata kimoja. Alipovitazama aliviona vyote kumi na viwili. Ila alipotaka kuona mkono wake, ilibidi auweke juu ya chupa. Ndipo nilipojifunza, kwa aibu, tofauti kati ya taa ya kuonekana na taa ya kuonea. Vijitaa vya miaka ile vilitengenezwa kumwambia mtu kwamba redio imewaka, na kazi hiyo viliendelea kuifanya kwa uaminifu hata chini ya mita sita za maji.

Nilirudi Shinyanga. Siku ya pili nilikwenda dukani kwa Mhindi mmoja mzee aliyeuza vyombo na vipuri katikati ya mji. Nilimwomba sufuria dogo la alumini, kioo kinene cha duara, boliti sita, na mpira wa presha kuka.

"Presha kuka yako ya saizi gani?" akauliza.

"Sina presha kuka."

Aliweka miwani. Nikamweleza: taa ya mbele ya pikipiki nitaitia ndani ya sufuria, kioo kitakuwa kifuniko, mpira utabanwa katikati ili maji yasipite. Betri ya gari itabaki juu nchi kavu, waya ndio utakaoshuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauminyaminya ule mpira kwa vidole.

"Fundi, huu umetengenezwa kuzuia mvuke usitoke. Wewe unataka uzuie maji yasiingie."

"Si kazi moja, mzee?"

Akafikiri. "Kazi moja," akasema, "lakini mpira haujui." Akaenda nyuma ya duka akanichagulia mwingine mnene zaidi, akanifundisha kuupaka grisi kidogo na kukaza boliti kwa kupokezana pande mbili, si kwa kuzunguka. Ushauri ule ulikuwa bora kuliko kitu chochote kwenye makopo yangu manane.

Sufuria halikuingiza maji. Lakini halikutaka kuzama. Hewa iliyokuwa ndani ililielesha juu ya pipa kama bata, likimulika mbingu saa nne asubuhi. Ikabidi nilifungie vyuma vya plau chini yake. Lilipozama hatimaye, nilitia mkono pipani na kuona hata uchafu chini ya kucha zangu.

Safari ya pili wachimbaji walicheka waziwazi. Mmoja aliuliza kama mboga imeiva. Katibu hakucheka. Alilizunguka lile sufuria mara mbili, akabonyeza kioo chake, akauliza mwanga wake unafika umbali gani. Nilipomjibu, akaitisha kikao cha dharura cha kamati. Alikuwa na hoja nne, zote za msingi: umeme na maji havipatani, mwanga mkali unaweza kuwaudhi waliolala ardhini, kioo kikipasuka duara litakuwa na vigae, na bajeti ya kikao kijacho. Walijadili tangu asubuhi mpaka ugali ukapoa. Mwenye duara akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Jamani, mzamiaji azame."

Akazama. Maji ya duara yakageuka rangi ya chai ya maziwa, yakang'aa kutoka chini, na hata mimi nikiwa mbali niliona wanaume wamerudi nyuma hatua moja. Nilikuwa nimesimama kwa ncha za vidole, moyo unanidunda kwa furaha. Na kwa kuwa sikuruhusiwa kusogea nichungulie shimoni, nilitazama mikono ya katibu. Kamba ilikuwa imelala tu, imelegea. Haikutikisika hata mara moja, seuze mara tatu. Katibu akaangalia huku na huku, akapiga ukelele wa "Ametoa ishara", akaanza kuvuta.

Mzamiaji alikuja kula akiwa amejikunyata, ameziba sikio la kushoto kwa kiganja. Niliposogeza bakuli nikaona damu kidogo vidoleni mwake.

"Kaka, ulivuta kamba?"

"Sikuvuta. Nimeona mbao tu, nikawa nageuka upande wa pili, mara nimenyanyuliwa. Wakikunyanyua ghafla masikio yanapasuka." Akatafuna taratibu. "Nilidhani labda mguu wangu ulinasa kwenye kamba."

"Mguu haukunasa. Nilikuwa natazama."

Akaendelea kula mpaka akamaliza. Kwa wiki mbili nilikuwa nimefikiria mpira, kioo na boliti. Masikio ya yule mtu hayakuwahi kunijia kichwani. Bila taa yangu angekuwa amekwishakata tamaa na kurudi kwake mzima. Nikamwambia aache. Akasema atazama mara moja tu, kwa sababu sasa anataka kujua.

Alirudi duarani, akafunga kamba kiunoni, na mwisho wa pili akampelekea mwenye duara mkononi.

"Leo ashike mzee."

Katibu akafungua kitabu chake. "Kwa mujibu wa taratibu, kamba ni jukumu la katibu."

"Maisha yangu nayo ni jukumu langu," mzamiaji akasema, bila hasira.

Mzee akashika kamba kwa mikono yote miwili. Safari hii alikaa chini muda mrefu, akatoka kuvuta pumzi, akarudi, akatoka, akarudi. Mara ya nne akaning'inia kwenye mbao za pembeni akihema.

"Nimezunguka kona zote nne. Kuna sururu isiyo na mpini, kopo la maziwa, na vyura wawili. Pampu hamna. Wala haijawahi kuwamo, matope ya chini hayana hata alama."

Wote wakamtazama katibu. Nilitegemea atakimbia. Hakukimbia. Alifunga kitabu chake polepole, akageuka akanyoosha kalamu kuelekea bandani kwetu.

"Niliwaambia. Taa imetengenezwa na nani? Dhahabu humkimbia mwanamke. Sasa na mashine imekimbia."

Naapa kuna waliotikisa vichwa kukubali. Kwa karibu nusu saa nilikuwa mwanamke aliyefukuza pampu ya chuma kutoka chini ya mita sita za maji kwa kutumia sufuria. Mtu mmoja alitaka kujua ingekuwa imekimbilia upande gani. Mwingine, mwenye akili ya kisayansi kidogo, aliuliza kama nilikuwa nimelishika sufuria kwa mkono wa kulia au wa kushoto. 

Mama lishe ndiye aliyezungumza. Alikuwa anaosha sahani, na hakuacha kuosha aliponiita mama kwa Kisukuma, kwa sauti ya kufika duarani.

"Mayu, hebu niulize kitu. Jumamosi ile ya msiba, katibu alipakia kitu kwenye lori, kimefunikwa turubai. Akaniambia ni injini ya karasha inapelekwa kwa fundi. Injini hiyo ilisharudi?"

Karasha ni mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Mwenye duara akasema, "Sisi hatuna karasha ya injini. Tunatwanga kwa mikono."

"Mimi nitajuaje, mzee?" mama lishe akajibu. "Huko mnakotwangia si mahali pa wanawake."

Katibu akaomba kutoa ufafanuzi. Alisema pampu haijapotea, bali ipo katika matumizi mengine, upande wa Mhunze, kwenye machimbo ya almasi ambako nako mashimo yalijaa maji, kwa shemeji yake, kwa muda, na kwamba ukitazama kwa mapana, hatua ile ndiyo iliyoiokoa isizame. Aliyasema hayo kwa ufasaha mkubwa. Mzee mmoja wa kamati alianza hata kusema, "Kweli kabisa," kabla hajajikuta peke yake.

Mzamiaji alikuwa ametoka majini, anatiririka. Hakumpiga, ingawa wengi walisogea ili nafasi ipatikane. Alisimama mbele yake tu.

"Ulijua haimo."

Katibu akafungua kitabu chake, akakifunga tena.

"Nimezama mara tano. Nne kati ya hizo kamba ulishika wewe. Ungekuwa unanihurumia ungeniambia hata kwa kuninong'oneza, ningekwenda zangu nikasema nimeshindwa. Mimi ningekubali kuitwa nimeshindwa."

Hapo ndipo yule kijana alipoinamisha kichwa, na kalamu moja ikaanguka kutoka mfukoni. Hakuiokota.

Pampu ilirudi baada ya wiki mbili, imekufa injini. Nilikuwa fundi pekee waliyemfahamu, kwa hiyo kamati ilikaa ikaamua kwamba kwa siku mbili za matengenezo nihesabiwe kuwa mwanamume, ili nifike duarani bila madhara. Iliingizwa kwenye muhtasari. Mama lishe aliomba naye ahesabiwe siku za kuleta ugali, ombi lake likawekwa kiporo. Katibu waliamua kumpa barua ya onyo kali, na kwa kuwa ni yeye tu aliyejua kuandika barua, aliiandika mwenyewe, akaipiga mhuri, akajikabidhi. Nilionyeshwa nakala. Ilikuwa kali kwelikweli. Duara lilipokauka walichimba, wakapata kidogo, kama wengi wa miaka ile.

Lakini siku ile ya kuzama mara ya mwisho hakukuwa na vikao tena. Mzamiaji alivaa shati lake, akaketi bandani, mama lishe akampa chai na pamba ya kuziba sikio. Nililifuta sufuria, nikakunja waya, nikamwambia alichukue, ni lake. Akalipakata magotini, akalegeza boliti moja, akakaza tena.

"Wabeja, dada," akasema. Alikuwa amejifunza neno hilo la shukrani la Kisukuma kutoka kwa wachimbaji, na alilitamka kwa uangalifu. "Hili likipunguzwa ukubwa, na betri ikakaa humohumo ndani, mtu angezama nalo ziwani bila waya."

"Nitajaribu. Lakini usizame mpaka sikio lipone."

"Likipona."

Asubuhi yake tulikwenda pamoja mpaka Geita mjini, yeye akipanda basi la Chato, mimi nikitafuta lori la kurudi Shinyanga. Kondakta alitaka sufuria liwekwe juu ya keria na mizigo mingine. Akakataa, akasema ni taa. Kondakta akalitazama, akamtazama yeye, akamwacha apite. Alikaa dirishani, upande wangu ukiwa ule wa sikio lenye pamba. Basi lilipoondoka nilimtakia safari njema mara mbili. Sijui kama alisikia.